Mazuku ndani ya sufuria

Ukurasa wa matembezi ya familia umerudi. Wengi wenu mmetuuliza swali lile lile la kila juma: Jumamosi watoto wako nyumbani, pesa hakuna, barabara za mbali si salama, tuwafanyie nini? Na mama mmoja aliongeza jambo lingine: "Mimi niko na mtoto ambaye haamini kitu. Kila unachomwambia anauliza, nani aliona? Nimechoka naye."

Mama, usichoke. Ukurasa wa leo ni wa mtoto huyo. Hapa Goma tunaishi juu ya mawe yaliyotoka motoni, chini ya mlima unaotoa moshi, kando ya ziwa lenye gesi ndani yake. Kwa mtoto anayependa kuuliza, mji huu ni shule isiyolipisha minerval. Tutawaambia michezo na matembezi manne tuliyoyajaribu sisi wenyewe. La kwanza lilianza kwa jambo lililotutia haya, na tumekubaliana kulieleza bila kuficha.

Mwanzo wa masika, mbuzi watatu walikutwa asubuhi wamekufa katika shimo lililo nyuma ya nyumba za wenzetu, upande wa magharibi wa mji. Hawakuwa na jeraha wala povu mdomoni. Mbwa mmoja alikuwa amelala karibu nao, naye amekufa. Siku mbili kabla, mwenye mbuzi alikuwa amegombana na bibi mmoja mjane kwa sababu mbuzi hao walikula maharage yake, na bibi alisema kwa hasira kwamba watakuja kuona. Mnajua jinsi neno kama hilo linavyotembea. Kufika saa sita mchana, kartye nzima ilikuwa imekwisha kutoa hukumu.

Sisi je, tulifanya nini? Tuseme ukweli: hatukufanya kitu. Hatukumtukana, lakini tuliacha kupita mlangoni kwake. Wale tuliozoea kununua nyanya kwake tulienda kununua mbali zaidi, tukijiambia kwamba huko ni rahisi. Kanisani tulikaa benchi lingine. Bibi alijua. Mtu anajua.

Kilichotuamsha ni mtoto wa miaka 11. Tulikuwa tunachambua sombe, tunazungumza habari hiyo kwa sauti ya chini, naye alikuwa amekwenda kuchungulia shimo na wenzake, jambo ambalo hakupaswa kufanya. Akasema: "Mama, kule chini kuna panya pia wamekufa. Na panzi. Kama ni bibi aliyewaua mbuzi kwa sababu ya maharage, panya walimkosea nini?"

Tulimkemea kwa kwenda shimoni. Lakini swali lake lilibaki pale katikati ya sombe, na hakuna aliyekuwa na jibu.

Jaribio la kwanza: sufuria na mishumaa

Sote tunalijua neno mazuku. Wazee walilitumia kwa upepo mbaya, upepo unaoua bila kuonekana. Waliochunguza volkano zetu wamelichukua neno hilo hilo kutoka kwetu, na leo linaandikwa hivyo katika vitabu vyao. Maana yake ni gesi kaboniki inayotoka chini ya ardhi ya volkano kupitia nyufa. Haina rangi. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, karibu mara moja na nusu, kwa hiyo hutulia chini kama maji na kujaa kwenye mashimo na mabonde madogo. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa umelala, hujaa zaidi. Sehemu kama hizo ziko kuelekea Himbi, Kyeshero, Bulengo na Lac Vert. Anayeteremka ndani yake anaweza kuanguka baada ya pumzi chache tu.

Tulilijua neno, lakini hatukuwahi kuliona jambo lenyewe. Basi tulilileta jikoni, na ninyi mnaweza kufanya vivyo hivyo. Mnahitaji hivi: sufuria ndogo yenye kina, ya lita 3 hivi, mishumaa miwili, mmoja umekatwa uwe na urefu wa vidole vitatu, mwingine karibu ufike ukingo wa sufuria, vijiko viwili vikubwa vya bikarbonati, ile ambayo wengine wetu huweka katika maharage yaive upesi, na kikombe kimoja cha siki, vinegre yetu ya saladi. Mtu mzima awepo muda wote, kwa sababu ya moto.

Simamisheni mishumaa ndani ya sufuria kwa kudondosha nta kidogo chini yake. Mwageni bikarbonati pembeni, mbali na mishumaa. Washeni. Kabla ya kuendelea, kila mtoto aseme atakachoona: mishumaa itawaka zaidi, itazimika, au haitabadilika? Andikeni majibu. Sehemu hii msiiruke, kwa maana mtu asiyesema mbele atadai nyuma kwamba alijua.

Kisha mwageni siki polepole juu ya bikarbonati. Itachemka bila moto, na povu litainuka. Msipulize, msipeperushe. Angalieni.

Mshumaa mfupi unazimika kwanza. Baada ya kitambo kidogo, mrefu nao unazimika. Hakuna aliyeugusa.

Watoto walinyamaza. Halafu msichana mmoja wa darasa la tano akasema polepole: "Mfupi ni mbuzi. Mrefu ni baba." Hakuna aliyekuwa amemfundisha. Ndivyo ilivyo hasa: katika mazuku wanyama wa chini na watoto wadogo huanguka kwanza, kwa sababu pua zao ziko karibu na ardhi. Mtu mzima anayesimama anaweza kupumua bado, mpaka atakapoinama kumwokota mtoto wake.

Yule mtoto wetu wa panya, bila shaka, hakuridhika. "Labda ni siki yenyewe inazima, kwa harufu yake." Tulikuwa tayari kumwambia atosheke. Lakini kwa nini atosheke? Ameuliza vizuri. Tuliosha sufuria, tukawasha mishumaa upya, tukamwaga siki peke yake bila bikarbonati. Mishumaa iliendelea kuwaka yote miwili. Basi si harufu ya siki. Hapo ndipo alipotikisa kichwa kama jaji.

Kuna mchezo mmoja zaidi ambao wadogo huupenda sana. Tengenezeni gesi hiyo ndani ya jagi kubwa, ngojeni povu litulie, kisha inamisheni jagi juu ya mshumaa unaowaka kana kwamba mnamimina maji, lakini siki isitoke. Mnamimina "hakuna kitu", na mshumaa unazimika. Watoto wetu waliufanya mpaka bikarbonati yote ikaisha.

Matembezi ya ukingoni

Jumamosi iliyofuata tulitoka. Tulimwomba kijana mmoja anayesoma jiolojia kwenye chuo kikuu atusindikize, nasi tulikwenda saa nne, jua likiwa limepanda na upepo unavuma, tukasimama upande upepo unakotoka. Watoto walibaki nyuma ya kamba. Hakuna aliyeteremka, hata yeye. Alifunga tambi inayowaka kwenye mwisho wa mti mrefu, akaishusha shimoni kidogo kidogo. Moto uliwaka, ukawaka, kisha ukazimika ghafla kana kwamba umechovywa ndani ya maji. Akaupandisha, akauwasha tena, akaushusha: ukazimika mahali pale pale. Watoto wakauona mstari ambao macho hayaoni.

Tunawasihi mlisikie hili: msifanye jaribio hilo ninyi wenyewe. Na hata moto ukiwaka, hiyo si ruhusa ya kuteremka. Gesi inaweza kumletea mtu kizunguzungu na kumwangusha kabla haijafika kiasi cha kuzima moto. Mkiona ndege, panya au wadudu wamekufa kwenye shimo, au majani yamenyauka kwa duara, ondokeni, wekeni alama, mwambieni kiongozi wa avenyu. Mkiona mtu ameanguka ndani, msimfuate mbio kwa pumzi zenu. Watu wengine wamekufa hivyo, mmoja juu ya mwingine. Tafuteni kamba na wenzenu.

Tulipokuwa pale ukingoni, bibi mjane alitoka nyumbani kwake kuona watu wengi wanafanya nini karibu na shamba lake. Hatukujua tuweke macho wapi. Kijana, ambaye hakujua habari yetu, alimsalimu kwa heshima na kumweleza. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Najua. Baba yangu alitukataza kuteremka hapo asubuhi kabla jua halijapanda. Alisema hapo pana mazuku. Hakuna aliyeniuliza."

Mama zetu, hilo "hakuna aliyeniuliza" tulirudi nalo nyumbani, na bado tunalo. Tulikuwa na mtu mmoja katika kartye aliyejua jibu, na ndiye mtu pekee tuliyeacha kuzungumza naye.

Tulimwomba msamaha, si wote siku moja, na si wote kwa urahisi. Baba wenye nguvu walizungushia shimo ukuta mfupi wa mawe meusi na matawi ya miiba. Mwenye mbuzi alileta mawe ya kwanza kwa chukudu yake. Wapo ambao bado wanasema "lakini hata hivyo…" na hatuwezi kuwafunga midomo. Tunachoweza ni kuwaalika kwenye sufuria.

Jaribio la pili: mawe na kumbukumbu

Hili ni la matembezi ya mchana na halihitaji hata franka moja. Kwanza, watoto wakae na wazee na kuwauliza habari za tarehe 17 Januari 2002: moto ulipita wapi? Mlikimbilia wapi? Mliona nini kwa macho yenu, na nini mliambiwa na wengine? Waandike vitu hivyo viwili katika safu mbili tofauti. Mtashangaa jinsi safu ya "tuliambiwa" inavyokuwa ndefu. Kisha wachore ramani ya kartye na kupaka rangi njia ya moto.

Baada ya hapo tokeni mkaitembee ramani hiyo. Lava ya mwaka ule ilikata mji katikati, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaharibu kanisa kuu, ikafika mpaka ziwani. Tafuteni mawe: wapi yapo kama sakafu iliyomwagwa, wapi yamevunjwa na kujengewa kuta, wapi udongo ni wa zamani wenye miti mikubwa? Ramani ya bibi ikilingana na mawe, vizuri. Isipolingana, rudini mkamuulize tena kwa upole. Mara moja tuligundua kwamba bibi alikuwa sahihi, nasi tulikuwa tumesoma barabara vibaya.

Okoteni mawe machache yenye matundu. Matundu hayo ni mapovu ya gesi yaliyokwama lava ilipopoa. Wekeni ndoo ya maji, na kila mtoto akisie: litaelea au litazama? Mengi ya mawe yetu huzama, hata yale yanayoonekana mepesi. Watoto wetu karibu wote walikosea, nao walicheka. Ni vizuri mtoto azoee kukosea huku akicheka.

Wakubwa waelezeni pia kwamba lava ya Nyiragongo ni nyepesi kutiririka kuliko ya volkano nyingi, ndiyo maana hukimbia. Mwaka 1977 ziwa la moto lililokuwa juu mlimani lilitoka lote kwa muda usiofika saa moja. Kwa hiyo rangi ya onyo inayotangazwa na Observatwari ya Volkano ya Goma si pambo. Kila familia imfundishe mtoto rangi zile nne: kijani, njano, chungwa na nyekundu, na njia ya kukimbilia.

Jaribio la tatu: chupa ya limonadi na ziwa

Mnakumbuka Mei 2021. Moto ulitoka tarehe 22 jioni, na siku chache baadaye tuliambiwa tuhame. Njiani kuelekea Sake na kwenye magari ya kwenda Rutshuru, kila simu ilikuwa na habari yake: ziwa linalipuka leo, ziwa limekwisha kulipuka, samaki wamechemka. Watoto wetu bado wanaota ndoto za siku zile. Hatuwezi kuwaambia "hakuna kitu", kwa sababu kitu kipo. Ndani ya Kivu, chini kabisa, kuna gesi kaboniki nyingi sana, pamoja na methani, ile ambayo upande wa Rwanda inachimbwa na kutoa umeme. Na mwaka 1986 huko Kameruni ziwa Nyos lilitoa gesi usiku na kuua watu wapatao 1.700.

Basi tuwaonyeshe. Nunueni chupa moja ya limonadi ya plastiki iliyo wazi. Kabla ya kuifungua, angalieni: mapovu yako wapi? Hakuna. Gesi imo, lakini imebanwa. Fungueni polepole sana: mapovu yanatoka kidogo. Fungeni, tikiseni, fungueni tena nje ya nyumba: mnajua kitakachotokea, na watoto watafurahi kulowa. Ziwa letu linabana gesi yake kwa uzito wa maji, na kina chake kinapita mita 400. Likiachwa limetulia, gesi hubaki chini. Ndiyo maana kuna watu ambao kazi yao ni kulipima, mwaka hata mwaka.

Baada ya limonadi, chezeni mchezo wa tetesi. Mtu mzima asome habari, za kweli na za uongo zikichanganywa. Kwa kila moja watoto waulize maswali matatu: Nani aliona kwa macho yake? Aliona lini na wapi? Tunaweza kumuuliza nani mwingine asiyemjua wa kwanza? Habari isiyojibu maswali hayo haitumwi mbele. Wetu wameanza kutuuliza hata sisi tunaposhika simu, na tunakiri kwamba si raha kila mara.

Jaribio la nne: daftari la mvua

La mwisho ni la nyumbani, na linachukua siku 30. Kila nyumba ina bibi au baba mzee anayejua mvua. Anatazama mawingu juu ya mlima, anasikiliza vyura, anasema: leo itanyesha. Je, anajua kweli? Msibishane. Andikeni.

Chukueni daftari, chora safu nne. Ya kwanza: bibi amesema nini asubuhi. Ya pili: kifuniko cha chupa kimesema nini, kwa kukirusha juu, kikianguka tumbo juu ni mvua, kikianguka mgongo juu ni jua. Ya tatu: mtoto mmoja aliyechaguliwa aseme "mvua" kila siku bila kufikiri. Ya nne: kilichotokea kweli mpaka jioni.

Katika nyumba tuliyojaribu, bibi alikishinda kifuniko kwa mbali, na wajukuu walimpigia makofi. Lakini mtoto aliyesema "mvua" kila siku alimkaribia sana! Kwa nini? Kwa sababu ilikuwa masika, na masika hunyesha karibu kila siku. Hapo wote tulijifunza kitu: anayetabiri jambo linalotokea mara kwa mara ataonekana nabii. Bibi mwenyewe ndiye aliyetoa neno bora: "Basi tuanze tena kiangazi, ndipo mtakaponiheshimu." Daftari la kiangazi limeshanunuliwa.

Baadhi yenu mtatuuliza: je, kumfundisha mtoto kupima kila kitu si kumwondolea imani na adabu? Tulilijadili hilo kwa muda mrefu katika kikundi, na hatukukubaliana kwa yote. Lakini tumeona hivi. Mtoto aliyeuliza habari za panya hakumkosea heshima mtu. Sisi wakubwa, tulionyamaza kwa adabu zetu zote, ndio tuliomkosea mama mzee. Kuuliza kwa upole, na kukubali jibu hata likitupinga, nako ni kumpenda jirani.

Jumamosi ijayo tunakutana uwanjani kwa bibi, yeye mwenyewe ametualika. Njooni saa tatu pamoja na watoto. Kila familia ilete sufuria moja yenye kina na mishumaa miwili. Siki na bikarbonati tutachanga. Bibi atauza nyanya zake, nasi tutanunua kwake.

Muwe na juma jema.